Bakteria wa utumbo wa mbuzi, 16S imetoa asilimia 97. Hii ni spishi mpya au bado?

Binti_Maabara

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naombeni msaada kwa anayejua mambo ya bakteria wa matumbo ya mifugo maana nimekwama na supavaiza wangu yuko safari.

Niko masters, nafanyia kazi bakteria wa utumbo mpana wa mbuzi wetu wa kienyeji, hawa wanaojilisha wenyewe porini. Sampuli nachukua machinjioni asubuhi, mbuzi akipasuliwa tu nafunga kipande cha utumbo kwa uzi pande zote mbili ndo nakikata hapo katikati, ili hewa isiingie, kisha mbio maabara. Nafuga kwenye mirija ya kioo yenye kizibo kigumu cha mpira, ndani gesi ya kaboni dayoksaidi, joto nyuzi 39, na kwenye chakula chao naweka maji ya rumeni (tumbo la kwanza la mnyama anayecheua) yaliyochujwa na kupikwa kwa presha.

Sasa kuna mmoja amenivutia kweli. Kwenye hadubini ni kijiti kimepinda kidogo na anatembea sana, koloni zake ndogo za rangi ya maziwa. Nimepima Gram (kipimo cha rangi, chanya hubaki zambarau na hasi hutoka pinki) imetoka pinki, yaani hasi. Tukapeleka DNA ikasomwe 16S (gene ambayo kila bakteria anayo, hutumika kumtambua), majibu yamerudi yanasema anafanana asilimia 97 na Butyrivibrio fibrisolvens, na huyo kila ninaposoma wanamweka kwenye kundi la Bacillota ambao ni Gram chanya!! Halafu nikiweka kwenye BLAST (programu ya kulinganisha DNA na zilizo kwenye hifadhi ya mtandaoni) wa kwanza kabisa kutokea ni "bakteria ambaye hajafugwa" kwa asilimia 99 na jina hana.

Kwahiyo naomba kuelewa, hii Gram hasi inamaanisha nina bakteria wawili kwenye mrija mmoja au vipi? Na hiyo 97 inanitosha kuandika kwenye tasnifu kwamba ni spishi mpya? Wenzangu darasani wanasema chini ya 97 ndo mpya, mwingine anasema chini ya 99, kila mtu na lake. Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Agari

Marahaba binti. Kazi nzuri, na hiyo ya kufunga utumbo kwa uzi kabla ya kukata endelea nayo hivyohivyo, wengi wanabeba kinyesi kwenye kopo la wazi halafu wanashangaa wanapata E. coli watupu.

Tuanze na Gram. Usiogope. Hao Butyrivibrio ndivyo walivyo, ukuta wao umejengwa kwa mtindo wa Gram chanya ila ni mwembamba mno, ukimwaga alkoholi rangi ya zambarau inatoka yote na wanabaki pinki. Waliangaliwa kwa hadubini ya elektroni ikaonekana hivyo. Na hiyo ya kijiti kilichopinda kinachotembea inaendana kabisa, wana mkia mmoja. Kwahiyo rangi ya pinki peke yake haikupi sababu ya kusema umechanganya.

Lakini usafi lazima uuthibitishe kwa njia nyingine kabla hujaenda mbele hata hatua moja, maana kila kitu kinachofuata kinasimama hapo. Bakteria wa utumbo wanapenda kuishi kwa kushikana, mmoja anatoa asidi mwenzie anaila, unaona koloni moja nzuri ya duara kumbe wako wawili. Tumia njia ya Hungate ya kuviringisha mrija, yaani unayeyusha agari (jeli ya kuoteshea bakteria) kwenye mrija wenye gesi, unachanja kwa sampuli uliyoizimua, halafu unauzungusha mrija umelala juu ya maji ya barafu mpaka agari ishike ukutani kama ngozi nyembamba. Unachukua koloni iliyo mbali na nyingine, unazimua tena, unaviringisha tena, na unarudia mpaka koloni zote zifanane na hadubini ionyeshe umbo moja tu. Weka na resazurini kwenye chakula, ukiona rangi ya waridi inaanza kujitokeza juu ya agari ujue oksijeni imepenya, mrija huo tupa usiutumie. Na usisahau sisteini ya kuimaliza oksijeni iliyobaki.

Kuhusu Butyrivibrio mwenyewe kuna historia ambayo inakuhusu moja kwa moja. Jina lilitolewa na Bryant na Small mwaka 1956. Baada ya hapo miaka na miaka kila aliyekuta rumeni ina kijiti kilichopinda kinachotengeneza butireti (aina ya asidi) alimwita B. fibrisolvens akamaliza. Walipokuja kulinganisha DNA wakakuta mle ndani kumejazana watu wa kila aina. Akatoka Pseudobutyrivibrio ruminis 1996, akatoka B. hungatei 2003, na mwingine aliyekuwa akiitwa Clostridium proteoclasticum akahamishiwa huku 2008 akawa B. proteoclasticus. Kwahiyo usilinganishe na fibrisolvens peke yake, linganisha na ukoo mzima.

Nasaba_ya_Vijidudu

Naongezea alipoishia Mzee. Dada hiyo 16S yako ina urefu gani? Hili ndo swali la kwanza kabla ya asilimia. Gene nzima ina herufi kama 1,500 hivi, ukisomewa kwa prima (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia usomaji) moja tu unapata kama 700 na mwishoni zinakuwa za kubahatisha. Soma kwa pande zote mbili, 27F na 1492R, unganisha, kata ncha mbovu, ndo utafute asilimia. Na fungua ile michoro ya rangi uangalie kwa macho yako, kama kuna sehemu vilima viwili vimepandana basi au una bakteria wawili au huyo mmoja ana nakala za 16S zinazotofautiana kidogo, hilo nalo hutokea.

Pia BLAST ya kawaida inachanganya watu. Ile hifadhi imejaa sikwensi za bakteria waliosomwa kutoka kwenye kinyesi moja kwa moja bila kufugwa, ndo hao wasio na jina unaowaona juu. Wao wanakuambia tu kwamba kuna mtu sehemu nyingine ameshakutana na ndugu wa huyu wako. Kwa kazi yako unatakiwa kulinganisha na vielelezo, yaani wale bakteria halisi waliotumika kuzipa spishi majina. Tovuti ya EzBioCloud inakufanyia hivyo.

Sasa mbona kila mtu ana namba yake. Ile 97 ni ya 1994, ya Stackebrandt na Goebel, na waliisema hivi: mkiwa chini ya 97 hamwezi kuwa spishi moja. Hawakusema mkiwa juu ya 97 ni spishi moja, watu ndo waliigeuza. Baadaye data zikawa nyingi mstari ukapandishwa, 2006 ukawa kwenye 98.7, na 2014 wengine wakahesabu upya wakapata 98.65. Kwahiyo 97 yako, kama sikwensi ni nzima na safi, ina maana kwenye herufi 1,500 mnatofautiana kama 45 hivi, wakati mstari wa 98.7 ni kama herufi 20. Hapo uko chini ya mstari vizuri tu, dalili ya spishi mpya ipo na ni nzuri.

Ila ni dalili. 16S ni kama jina la ukoo, linakuambia huyu ni wa kina nani lakini halikuambii yeye ni nani. Kuna bakteria 16S zao zinakaribia kulingana kabisa na ni spishi tofauti, mfano Bacillus anthracis anayeleta kimeta na ndugu yake Bacillus cereus. Kinachoamua siku hizi ni jenomu nzima, yaani DNA yote ya bakteria. Unasoma jenomu, unailinganisha na jenomu za vielelezo vyote vya jirani, unapata kipimo kinaitwa ANI, wastani wa kufanana kwa vipande vyote mnavyoshirikiana. Ukiwa chini ya 95 mpaka 96 basi ni spishi nyingine. Hiyo namba haikutoka hewani, ilipangwa ilingane na kipimo cha zamani cha kupasha moto DNA za bakteria wawili na kuona zinashikana kiasi gani, ambacho mpaka wake ni asilimia 70 tangu 1987. Kile kipimo cha mkono sasa kinahesabiwa na kompyuta, tovuti ya TYGS ya Wajerumani wa DSMZ (hifadhi ya bakteria) unapandisha jenomu yako bure, yenyewe inatafuta vielelezo vya karibu na inakupa mti na asilimia zote.

Kwenye tasnifu kwa sasa andika "huenda ni spishi mpya ya Butyrivibrio" na uweke sababu zako. Usitangaze jina.

Mfugaji_wa_Bonde

Samahanini wataalamu naingilia, mimi sina maabara nina mbuzi na ng'ombe wachache. Nimesoma yote na nimependa lakini nauliza kwa nia njema kabisa, sisi wafugaji huyu bakteria akipata jina tunanufaika na nini? Maana mbuzi wangu anakula anashiba bakteria awe na jina au asiwe nalo.

Mzee_wa_Agari

Swali zuri sana mkuu na jibu lake lipo shambani kwako, una lusina?

Lusina unaijua, majani yake protini tele, mti unastahimili ukame, mabwana mifugo wameuhubiri miaka yote. Lakini ina sumu inaitwa mimosini, ikifika rumeni inageuka kuwa nyingine inaitwa DHP ambayo inavuruga tezi ya shingo. Mnyama akila kwa wingi manyoya yanapukutika, shingo inavimba, anakonda huku chakula kipo. Australia walipanda lusina kwa ajili ya ng'ombe wakapata shida hiyo hasa. Mtafiti wao wa malisho Raymond Jones akagundua kwamba mbuzi wa Hawaii wanakula lusina na hawapati chochote. Akasema tofauti haiko kwa mbuzi, iko kwa wanaoishi tumboni mwake. Wakachukua bakteria kutoka rumeni za mbuzi wa Hawaii wakawapa wanyama wa Australia, na sumu ikaacha kuwadhuru, walichapisha hilo 1986.

Hapo bado bakteria mwenyewe alikuwa hajulikani, ni mchanganyiko tu wa maji ya rumeni. Ilibidi wakae chini wamtenganishe, wamfuge peke yake, wamchunguze anakula nini, walipomaliza ikaonekana hafanani na kundi lolote lililojulikana. 1992 wakampa jina Synergistes jonesii, jonesii kwa heshima ya huyo Jones, na leo kuna faila (kundi kubwa) nzima ya bakteria inaitwa Synergistota kwa sababu yake. Ukishamtenganisha na kumpa jina unaweza kumtafuta kwa mifugo wengine ujue nani anaye na nani hana, unaweza kumwotesha, unaweza kumchanja ng'ombe mmoja akawaambukiza wenzie kundini. Bila hivyo unabeba ndoo ya maji ya rumeni na hujui ndani kuna nini, na magonjwa yamo humohumo.

Sasa mbuzi wetu hawa wanakula migunga, wanakula majani machungu ambayo ng'ombe wa kisasa akiyagusa anahara. Nani anawasagia? Ndo maana mimi nasema kazi ya huyu binti ina maana kubwa.

Mfugaji_wa_Bonde

Aisee. Lusina ninayo na nimewahi kuona mbuzi anapukutika manyoya nikadhani ni upele. Asante sana mzee wangu, sasa nimeelewa.

Fundi_wa_Jenomu

Habari za humu. Niseme kidogo tofauti na wazee, kwa heshima zote. Hii ya kufuga ni nzuri ila inachukua miaka, na wengi wa bakteria wa utumbo hawajakubali kufugwa mpaka leo. Siku hizi unachukua DNA yote ya kinyesi, unaisoma kwa mkupuo, kompyuta inapanga vipande kila bakteria na jenomu yake. Scotland 2019 kwa ng'ombe 283 walipata jenomu 4,941 za vijidudu vya rumeni, na 2020 ikatoka kazi ya ng'ombe aina ya Boran wa Kenya, jenomu 1,200 zenye ubora wa juu. Ukilinganisha na mradi wa Hungate1000 uliokusanya wale waliofugwa dunia nzima, 2018 walitoa jenomu 501 tu kwa jumla. Kwahiyo dada ukishapata jenomu yako usiishie kwa vielelezo, ilinganishe na hizo za Boran pia, inawezekana kabisa jenomu ya huyu wako imeshaonekana mle ila hakuna aliyewahi kumuona akiwa hai. Hiyo ikitokea kazi yako inapanda thamani siyo kushuka.

Na kabla ya ANI pitisha kwenye programu ya CheckM, itakuambia jenomu imekamilika kiasi gani na imechafuliwa kiasi gani. Uchafu ukiwa mwingi ujue ule usafi aliousema Mzee haujafikiwa, rudi kwenye agari. Kwa kuona uko tawi gani tumia GTDB-Tk lakini inataka memori kubwa, laptop ya kawaida haiwezi, itumie kwenye KBase onlaini bure.

Nasaba_ya_Vijidudu

Fundi nakubaliana na wewe nusu. Jenomu ya kompyuta bila bakteria mwenyewe haiwezi kupata jina rasmi kwa kanuni za kimataifa za majina ya bakteria, inabaki "Candidatus". Ni kweli 2022 ulianza utaratibu wa pembeni wa SeqCode unaokubali jenomu iwe ndo kielelezo, na kwa wale wasiofugika ni jambo zuri. Lakini huyu dada anaye hai kwenye mrija! Jenomu inaweza kukuambia ana gene za kuvunja nyuzi za majani, ila kama kweli anazivunja, kwa kasi gani, kwenye pH gani, anatoa butireti kiasi gani, hayo anayejibu ni bakteria akiwa hai.

Binti_Maabara

Jamani asanteni mno, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimefungua michoro ya rangi jana usiku, vilima viko kimoja kimoja, safi mwanzo mpaka kama herufi ya 700, na ni kweli imesomwa kwa prima moja tu. Nimeshaomba isomwe na upande wa pili. Kuviringisha mirija narudia wiki hii na barafu nimepata kwa jirani wa samaki.

Mzee swali lako la nani anawasagia limenikaa kichwani, nataka nimjaribu huyu kwenye majani ya mgunga yaliyosagwa nione atafanya nini.

Swali la mwisho. Nikifika kwenye jenomu na ANI ikakubali, ili liwe jina rasmi natakiwa kufanya nini zaidi? Na umeme wetu hapa unakatika, friza ya nyuzi hasi 80 siiamini.

DaktariMifugo_Usa

Dada pole na hongera. Nakujibu hilo la mwisho.

Ili jina likubalike unatakiwa umweke bakteria akiwa hai kwenye hifadhi mbili zilizo nchi mbili tofauti, wakupe barua za kuthibitisha kwamba wamempokea, amefufuka na yeyote anaweza kumwomba. DSMZ Ujerumani na JCM Japani watu wengi wanatumia hao, na ukiweka kwa ajili ya wote DSMZ hawakutozi. Halafu unachapisha maelezo yake, jarida la IJSEM ndo kwao hasa, wanataka jenomu, 16S nzima, mafuta ya kwenye utando, sukari anazokula, joto na pH anazoweza, asidi anazotoa na picha ya hadubini. Vipimo hivyo fanya pamoja na kielelezo cha B. fibrisolvens kwenye chakula hichohicho siku hiyohiyo, wahakiki wanaangalia sana hapo. Na jitahidi upate huyu bakteria kwa mbuzi zaidi ya mmoja, spishi iliyoelezwa kwa mrija mmoja huwa inazua maswali.

Kabla hujatuma hata tone nje ya nchi, vibali. Cha utafiti COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), ulizia wizarani upande wa huduma za mifugo kuhusu kusafirisha, na usainishe mkataba wa kuhamisha sampuli. Kuna Itifaki ya Nagoya ya 2010 inayolinda haki ya nchi kwenye viumbe wake, na hifadhi za Ulaya zitakuuliza karatasi hizo kabla ya kufungua kifurushi. Anza mapema maana zinachukua muda kuliko jenomu.

Jina chagua la mnyama au la mahali, jina lako mwenyewe huwa halitolewi. Butyrivibrio kwenye Kilatini ni wa kiume, ukitaka la nchi litaishia na ensis. Tafuta kwanza kwenye LPSN (orodha ya mtandaoni ya majina ya bakteria) kama halijachukuliwa.

Umeme sasa. Achana na friza peke yake. Watu wa uhimilishaji wanatunza mbegu za ng'ombe kwenye mitungi ya naitrojeni ya kimiminika ambayo haihitaji umeme kabisa, ongea na kituo kilicho karibu nawe wakupe nafasi ya kikombe kimoja. Changanya bakteria wako akiwa bado anakua, siyo aliyezeeka, na gliseroli iliyoondolewa oksijeni, fanya yote chini ya gesi, funga kwenye vichupa vidogo vingi ili ukitoa kimoja usisumbue vingine. Gawa sehemu mbili, nusu mtungini nusu friza. Baada ya wiki toa kimoja kila upande uwafufue kwenye chakula kipya, usome 16S tena kuhakikisha ni yuleyule. Kama wa friza wamekufa na wa mtungi wako hai basi umeshajua uwatunze wapi, na hao ndo utakaowatuma.